Paja Nililolikataa Sapiwi

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Bariadi.
Wiki ya tatu mke wangu Milembe yuko kwao Sapiwi. Kisa? Nilimwaga mchuzi wake wa kambare. Samaki asiye na magamba, Torati imemkataza! Najifunza dini ya Kiyahudi kwa barua, mwalimu yuko Arusha. Mtaa mzima unanicheka, na Januarius ndiye kinara. Tulikuwa makarani wawili wa ushirika. Walipokuja wanunuzi binafsi wa pamba, yeye wakampa kazi na pikipiki. Mimi nikapewa mkono wa kwaheri. Mshenzi!

Alhamisi, 8 Agosti.
Baba mkwe, mzee Masalu, ananiita Jumapili. Atachinja mbuzi! Kwao, mkwe akipewa paja amesamehewa, anaondoka na mkewe. Ila msuluhishi ni Januarius, eti binamu yake Milembe. Sawa. Nitawaonyesha mtu mwenye msimamo. Wataniheshimu tu.

Jumapili, 11 Agosti.
Paja likaletwa. Limenona, mate yakanijaa. Nikasimama, nikawaeleza habari za Yakobo kuteguka paja, na kwamba wana wa Israeli hawali mshipa ule. Nilieleza vizuri sana, karibu saa nzima. Mzee Masalu akauliza, nakataa paja lake au binti yake? Nikajibu nakataa mshipa. Akamsogezea Januarius sahani. Akala lote, na mshipa! Milembe alikuwa mlangoni, mzigo ameshaufunga. Akaurudisha ndani. Nimerudi kwa baiskeli na njaa yangu, nalia kama mtoto. Ni vumbi lile tu, machoni.

Jumatano, 14 Agosti.
Barua ya Arusha. Mwalimu anasema mimi bado mwanafunzi, niende polepole, nisivunje nyumba kwa ajili ya chakula. Angesema mapema! Anadai alishaandika hayo Juni. Nimeitafuta ya Juni. Ipo, nilikuwa nimeikunja chini ya mguu wa meza isiyumbe.

Ijumaa, 16 Agosti.
Januarius kaja na pikipiki. Ananiamkia "mwangaluka" kama vile hakula paja langu! Kaleta sufuria mbili mpya. Anasema Milembe alizinunua mnadani kabla ya Jumapili ile, moja ya nyama, moja ya maziwa, visichanganyike kama dini yangu inavyotaka, aje nazo nyumbani. Sasa hana haja nazo.

Nilikaa chini. Moyo uliniuma, sifichi.

Lakini zinafanana! Ipi ya nyama, ipi ya maziwa? Hata alama hakuweka. Nimemwandikia leo hii hii, kwa ukali kidogo, ajieleze.