Yah: Baga za Nyumbani na Ijumaa Yangu Iliyochukuliwa

Wendell Stukenborg,
Mtaa wa Posta ya Zamani,
Corwin Mills, Indiana.
Ijumaa, saa nane mchana.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na wote wanaokusaidia kututolea gazeti kila Alhamisi. Mimi ni msomaji wenu tangu enzi za baba yako. Nilikuwa fundi wa mabasi ya shule hadi nilipostaafu, na maishani mwangu sijamlalamikia mtu kwa maandishi, isipokuwa kampuni moja ya betri. Leo nakuandikia kwa heshima zote kukuomba uufunge mara moja ule ukurasa wa mapishi uitwao "Cha Dukani, Jikoni Kwako," unaoandikwa na Bi. Odette Lindqvist, kwa sababu umenichukulia mke.

Naomba nieleweke. Mke yupo. Anaitwa Doreen, na hata sasa ninapoandika namsikia jikoni akikatakata vitunguu. Shida yangu ndiyo hiyo, kwamba yuko jikoni.

Kwa miaka thelathini na moja, kila Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, mimi na Doreen tulikwenda kwa Otto, mwenye duka la baga hapa mjini. Tulipita kwenye dirisha la magari, ambako mtu huagiza bila kushuka, tukapokea mfuko wetu, tukaegesha kutazamana na maghala ya mahindi, tukala humo humo garini. Doreen alikuwa akivua viatu, anapandisha miguu kwenye dashibodi, anaanza kuongea. Wiki nzima mwanamke huyu hashikiki kwa shughuli. Ni Ijumaa tu, akiwa na baga mkononi na hana sufuria ya kuangalia, ndipo aliponiambia yaliyo moyoni. Garini humo ndimo nilimopata habari kwamba ana mimba ya binti yetu. Ndimo pia alimoniambia kwamba mama yangu hakuwahi kumpenda hata siku moja. Nataka Ijumaa hiyo irudi, na Doreen ndani yake. Hilo ndilo dai langu, na yafuatayo ni ushahidi.

1. Sosi. Bi. Odette aliandika kwamba sosi ya Otto "haina siri yoyote, ni subira tu." Basi friji yetu sasa ina vibakuli kumi na tisa vya subira, kila kimoja na namba yake. Nimefungwa macho kwa taulo la jikoni nionje namba kumi na mbili na namba kumi na tatu, kisha nitaje ipi ni ya Otto. Nikasema zote tamu. Doreen akaniambia, "Wendell, sijakuuliza kama ni tamu. Nimekuuliza kama ndiyo yenyewe." Nikachagua kumi na mbili. Kumbe ilikuwa mayonezi ya kopo, kaiweka kunitega. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

2. Ubora. Hapa lazima niseme ukweli: chakula cha Doreen ni kizuri kupita kiasi. Chipsi zinakuja za moto. Achari ya matango inakuwemo, vipande vinne, na vyote vinne viko ndani ya mkate. Kwa Otto achari husahaulika mara mbili kati ya tatu, na mimi na Doreen tulikuwa tukimsema Otto mpaka chakula kinakwisha. Sijui kama umeoa, Ndugu Mhariri, lakini ndoa inahitaji mtu wa tatu wa kulaumiwa. Sasa wa kulaumiwa ni yule yule aliyepika. Nilijaribu mara moja tu. Nilisema mkate umekauka kidogo pembeni. Niliomba radhi tangu siku hiyo hadi Jumatatu.

3. Mifuko. Katika toleo moja la Machi, Bi. Odette alishauri kwamba baga isipofungwa kwenye karatasi ya dukani haipati "ule unyevu wake." Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi Doreen huenda kwa Otto peke yake, hununua kahawa asiyoinywa, na hurudi na mifuko mitatu ya karatasi na tishu za kujaza mkoba. Naomba ulisome jambo hili taratibu. Mke wangu bado anakwenda kwa Otto kila Ijumaa. Ni mimi tu nisiyekwenda.

4. Dirisha. Nakiri kwamba hapa mkono wangu umo. Doreen hula amesimama, karibu na jiko, baada ya mimi kumaliza. Nikajiambia kwamba akiniona garini atakumbuka. Nikawasha gari, nikazunguka nyumba nikipita juu ya nyasi, nikasimama chini ya dirisha la jikoni na kushusha kioo. Nikasema, kama tulivyokuwa tukiagiza kwa namba kwenye orodha ya Otto, "Habari za jioni. Naomba namba mbili." Nilitegemea acheke, avue aproni, aje. Alinitazama, akajifuta mikono, akaniuliza, "Jina la mteja?"

Miaka thelathini na moja, Ndugu Mhariri! Nikalitaja jina. Akaandika kwenye mfuko "Wendy," jina la kike. Nikaomba na aiskrimu, akasema mashine imeharibika. Sisi hatuna mashine ya aiskrimu. Halafu akanipa mfuko na kusema, "Haya baba, songa mbele, kuna watu nyuma yako."

Nikageuka, na kweli kulikuwa na mtu. Alikuwa jirani yetu Gus Petrakis ndani ya pikapu yake, kavutwa na harufu.

5. Foleni. Ijumaa iliyofuata yalikuja magari manne. Iliyofuata kumi na moja, likiwemo gari la posta, na gari la mchungaji wetu aliyesema amepita tu kutujulia hali, kisha akaagiza baga yenye jibini mara mbili. Hakuna anayelipa. Huleta viazi, huleta mayai, na mmoja aliacha tairi ambalo hata halinifai. Doreen anasema hata hivyo tunaokoa dola kumi na moja kwa wiki, na ili kuziokoa vizuri zaidi amenunua mashine ya kukaangia ambayo ikiwashwa, taa za kina Petrakis hufifia. Nyasi zangu zimekufa mistari miwili kuzunguka nyumba nzima. Mimi mwenye nyumba napanga foleni uani kwangu, na wiki iliyopita nilikuwa wa tisa. Nilipofika dirishani nikamwambia kwa sauti ya chini, "Doreen, ni mimi." Akanijibu, "Najua ni wewe, mpenzi. Unataka na chipsi?"

Siku hiyo niliumia, na sioni aibu kukuambia.

6. Otto. Kwa kuwa mji mzima uko uani kwangu, Otto amebaki dukani kwake anafukuza nzi. Ijumaa tatu zilizopita alikuja mwenyewe, kwa miguu, kofia mkononi, akasimama nyuma ya gari la posta mpaka zamu yake ikafika. Aliagiza namba nne. Akaiuma, akafumba macho, akasema, "Mama huyu kanimaliza." Hakuwa na gari na kulikuwa na baridi, nikamfungulia mlango wa gari langu. Tukala pamoja tukitazama mlango wa gereji yangu. Akavua viatu. Akanieleza habari za magoti yake, la kulia kwanza, kisha la kushoto, na habari za mkewe aliyehamia Arizona akamwachia paka. Tangu siku hiyo Ijumaa zangu nazila na Otto. Si mtu mbaya. Anasikiliza, na hujipangusa mdomo bila kukumbushwa. Lakini mimi sikumwoa Otto.

Kutokana na hayo, naomba ukurasa wa Bi. Odette ufungwe. Kama haiwezekani, basi naomba achapishe mara moja tu pishi lenye makosa, ambalo kijiko cha sukari kimegeuka kikombe cha chumvi, ili jikoni zote za Corwin Mills ziharibikiwe jioni moja na sote turudi dirishani kwa Otto tumeinamisha vichwa. Na kama hilo nalo linagusa dhamiri yako ya kazi, nakuomba angalau tangazo dogo ukurasa wa mbele, kwamba fedha inayookolewa na mke aliyesimama haihesabiwi kuwa imeokolewa. Niko tayari kutoa ushahidi hadharani, na Otto amesema atanisindikiza.

Nisalimie wote hapo ofisini: Bi. Odette mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye kwa kuwa keki yake ya ndizi haina mfano. Bwana wa katuni. Yule mama wa matangazo ya vifo, mwambie la shemeji yangu lilitoka vizuri. Na baba yako, kama bado huja hapo mchana kulala.

Ndimi msomaji wako, wa tisa kwenye foleni,

Wendell Stukenborg

Tanbihi: Nilikwenda kutafuta stempu nikaiacha barua mezani, na Doreen ameisoma. Hakukasirika. Alifungua droo, akatoa kipande cha gazeti lako la Januari mwaka jana, ukurasa wa maoni ya wasomaji, akakiweka mbele yangu. Kimeandikwa hivi: "Ndugu Mhariri, bei za Otto sasa ni wizi wa mchana kweupe. Mke wangu ana mkono wa kupika. Kwa nini gazeti lisitufundishe kutengeneza vitu hivi majumbani mwetu?" Chini yake pana jina langu. Nimekisoma mara tatu nikitafuta njia ya kukikana, sikuipata.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba amechoka. Akanijibu, "Umelalamika kwa Gus, umelalamika kwa Otto, sasa umefika gazetini. Mimi mwaka mzima niko hapo dirishani, Wendell, nangoja uniambie njoo ukae."

Nikamwambia njoo ukae. Amevua aproni na kumvalisha Otto, aliyekuwa amewahi kufika, na sasa Doreen yuko garini ananipigia honi. Duka la Otto limefungwa, mpishi wake yuko jikoni kwangu, kwa hiyo safari yetu ni kuzunguka nyumba tu. Tafadhali usiichape barua hii. Na ukurasa wa Bi. Odette usiuguse, uongezee hata kurasa mbili, na nakala yenye pishi la sosi uilete leo hii kwa mkono. Otto ametuambia sasa hivi kupitia dirishani kwamba kwa miaka yote hiyo sosi ilikuwa ikimfikia tayari kwenye ndoo kutoka kiwandani, hajui hata pa kuanzia kuitengeneza, nasi tumekwisha kuagiza.