Prosesa Yenye Haraka Kuliko Mwenye Nayo

Kwa Shemeji, Fundi Bisibisi,
Duka la Kompyuta, ghorofa ya chini, mlango wa pembeni.

Shemeji yangu mpendwa,

KUHUSU: KUREJESHEWA PROSESA YANGU YA ZAMANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na bisibisi zako zote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi. Ningeweza kukupigia simu, lakini wewe ukipigiwa simu hucheka kabla mtu hajamaliza, na jambo hili linataka msomaji aliyetulia.

Utakumbuka kwamba nilikuletea laptop yangu, hii inayokwenda nami ofisini na kurudi nami nyumbani, nikakuomba unichagulie prosesa inayofaa kazi za kawaida na michezo miepesi. Ukaniuliza kazi gani na michezo gani. Nikakujibu ni ripoti za stoo ya kiwanda cha magodoro, pamoja na yale mashindano ya magari ninayocheza na mama yako jioni. Ukatikisa kichwa kama daktari. Ulipoirudisha ukaniambia prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kwamba humu ndani mna vichwa vinne, na kwamba sasa itakimbia. Nikadhani ni maneno ya biashara tu, kumbe ulikuwa unanitilia mchanga kitumbua changu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vichwa vinne ni vingi. Idara yetu ina wafanyakazi sita, na sijawahi kuona siku ambayo vichwa vinne vilifanya kazi kwa wakati mmoja. Unapomchagulia mtu prosesa, shemeji, tazama kwanza itakwenda kuishi na nani.

2. Zamani nikibofya ripoti ya magodoro, nilipata nafasi ya kuchemsha chai, kupita mapokezi, kumuuliza dada wa pale habari za goti lake na kusikiliza jibu lote, kisha nikarudi mezani nikute safu ya kwanza ndiyo kwanza inajitokeza. Meneja akija alinikuta na neno moja tu, "inafunguka", naye aliliheshimu neno hilo. Siku hizi nikibofya, ripoti imeshakaa pale inanitazama. Goti la yule dada sijui limefikia wapi, na nasikia ameanza kusema nina majivuno.

3. Kwa kuwa ripoti inaisha kabla chai haijapoa, meneja ameniongezea magodoro yanayorudishwa na wateja. Karani wa magodoro hayo ni lazima ayalalie ili athibitishe ubovu wake. Juzi nimelala juu ya godoro lenye bonde katikati, mbele ya mteja, mkewe na mama yake mteja, wote watatu wameniinamia wakingoja niseme mgongo unajisikiaje. Mimi nilisomea utunzaji wa stoo. Meneja anasema nikiendelea na kasi hii atanipandisha cheo, na cheo chenyewe, shemeji, ni Mkuu wa Magodoro Yaliyorudishwa.

4. Prosesa hii haina sauti. Ile ya zamani ikishughulika, feni ilivuma mpaka jirani akajua tuko kazini. Dada yako akisikia mvumo ule aliwanyamazisha watoto, akaniletea chai kwa heshima, kwa sababu mume wake anahangaikia riziki. Sitakuficha kwamba feni ilivuma zaidi kwenye magari kuliko kwenye ripoti, lakini heshima ilikuwepo. Sasa nyumba iko kimya, dada yako anahitimisha kwamba sina la kufanya, nami natumwa sabuni. Nimetumwa sabuni mpaka mwenye duka ananiuliza kama nimekuwa dobi.

5. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Mkwe na mama mkwe, wewe unajua, hawana mengi ya kuzungumza wakiachwa peke yao sebuleni. Sisi tuliokolewa na kukwama. Gari likiganda kwenye kona, mama alikuwa akiweka mikono mapajani na kunisimulia: jinsi ulivyofungua redio ya marehemu baba yenu, ukaifunga na kubakiwa na skrubu mkononi; jinsi dada yako alivyowakataa wachumba wa watu hadi nilipotokea mimi, na kwa nini hata mimi nusura nikataliwe. Tulicheka mpaka gari likajikwamua lenyewe. Akishindwa yeye, tulisema kompyuta imekwama. Nikishindwa mimi, tulisema vivyo hivyo. Sasa hakuna kinachokwama. Mama yako ananishinda kila jioni, macho mbele kama dereva wa basi, na neno pekee analonipa ni "tena". Yuko ubavuni kwangu, shemeji, na ninamkosa.

Ukiyajumlisha haya utaona tunakoelekea. Nitapewa cheo kwa uchapakazi huku mke wangu ananidai talaka kwa uvivu, na mama yako atakuwa bingwa asiyesema na mtu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wao hata laptop hawakuwa nayo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, unirudishie prosesa yangu ya zamani, ile ya kichwa kimoja kilichotulia. Hii ya vichwa vinne wape watu wenye shughuli, kama marubani.

Wasalimie wote hapo dukani, hata yule paka anayelala juu ya printa. Dada yako anakusalimu, watoto wanakusalimu. Mama angekusalimu, ila yuko kwenye mbio.

Ni mimi shemeji yako, mwenye masikitiko na kasi nisiyoiomba,

Karani wa Stoo

Tanbihi: Dada yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema hukubadilisha prosesa yoyote. Anasema uliifungua laptop, ukaona iliyokuwemo inatosha kabisa kwa ripoti zangu na kwa magari ya mama, ukapuliza vumbi lililoziba feni na kuifanya prosesa ipate joto na kujikokota, ukatoa makombo ya mkate, ukaifunga. Vichwa vinne vilikuwemo tangu siku niliyoinunua. Mama naye alijua. Kwa hiyo nafuta malalamiko yote dhidi ya prosesa, ambayo naona imenitumikia kwa uaminifu chini ya mzigo mzito. Ombi langu sasa ni dogo: nirudishie vumbi langu.