Mji wa Ng'ambo ya Bonde

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Ersilia kasema. Mwaka huu mke wangu anataka safari ya gari, taratibu, miji ya vilimani: tule, tulale, tuamke, tuendelee. Tangu tuoane sijampeleka popote ila mazishini. Nisipokuwa na njia kamili kufikia Jumamosi, anakwenda baharini na dada yake Loredana na mumewe, Gualtiero. Gualtiero! Mwanyumba wangu huyo, mtu wa kupiga picha sahani kabla ya kula! Nimempa Ersilia neno langu. Vilima hivi navijua nje ndani.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Ramani mezani. Kumbe kazi! Rocca Spina, hapana: waliiba kengele ya kanisa letu zama za mababu wa mababu, na mtu wa mji wetu, Castelverro, hakanyagi kule. Montefosco, hapana: nguruwe wao wa kuchoma wanamtia limau, washenzi wale. Poggio Lungo ndiko atokako refa aliyetunyima penalti. Nikafuta, nikafuta. Ukabaki mji mmoja, nao ni machimbo ya mawe. Ersilia akachungulia, akauliza kama napanga likizo au vita. Swali gani hilo?

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Nikaenda kwa Ottorino, mwenye baa, kuomba ushauri kwa siri. Kosa! Kabla sijamaliza kahawa, baa nzima inanipangia. Mmoja anasema nikate kulia penye sanamu ya Bikira Maria. Mwingine anasema sanamu ilishahamishwa. Wa tatu anaapa kulia hakuna barabara kabisa. Wakakunjana mashati. Nimetoka kichwa kinazunguka kama pia.

Lakini hekima imenijia! Kesho naijaribu njia peke yangu, ili Jumamosi niendeshe kama mwenyeji. Nimemwambia Ersilia nakwenda kung'oa jino. Akauliza lipi. Nikaonyesha mawili.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Loo! Penye kipilefti pana kibao: Pande Zote, mshale kulia. Chini yake kingine: Pande Nyingine, mshale kushoto. Nyingine zipi, kama zote ziko kulia? Nikazunguka. Nikazunguka tena. Lori likanipigia honi, nikakimbilia kushoto. Kupanda, kona, kupanda. Jina la mji sikuliona. Kichochoro kikanibana, kioo cha pembeni kikabaki ukutani. Nikafika uwanjani, nikala tambi kwa mchuzi wa nguruwe mwitu. Sahani mbili! Watu wakarimu ajabu.

Ndipo nikainua macho. Ng'ambo ya bonde, juu ya kilima, mji! Kuta rangi ya asali, mnara umeinama kidogo, jua limeulalia. Machozi yakanitoka, sioni haya kuandika. Nikamuuliza mwenye mgahawa, mama mmoja aitwaye Fiorenza, ule ni mji gani. Akatema mate. Akasema achana nao, wale ni wezi wa kengele. Nikamwonea huruma, kumbe hata huku watu wameibiwa! Si kitu. Ersilia wangu nitampeleka pale pale.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Nikamkalisha Ersilia, nikamweleza mji wangu. Mnara ulioinama. Na chini yake nyumba ndogo, dirisha lina ubao wa kijani unaoning'inia kwa bawaba moja. Nikasema wenyewe wavivu, ni wazi, lakini urembo upo.

Ersilia akaikunja ramani. Kisha akaniambia polepole, kama asemavyo mtu na mgonjwa: wewe Amedeo wewe, hilo ni dirisha la chumba chetu. Nimekuomba ulitengeneze tangu Pasaka.

Nikakana. Akanivuta mkono mpaka nje, akaninyooshea kidole. Ubao ule ule! Akasema anayeiona nyumba yetu kutoka ng'ambo, basi yuko Rocca Spina.

Rocca Spina! Nimekula kwao! Sahani mbili!

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Ersilia akauliza njia iko wapi. Nikasema kila njia inarudi hapa. Hakugomba, afadhali angegomba. Akachukua ufunguo wa gari, akampitia Loredana, wakaenda. Si baharini. Rocca Spina!

Jioni akapiga simu. Kachukua chumba kwa Fiorenza. Anauona mji wetu wote, na eti leo ndiyo mara ya kwanza ameona mahali anapoishi. Akaniomba nisimame dirishani nimpungie. Nikapunga kitambaa cha meza. Akasema ananiona, mdogo sana. Akasema kando yake kuna kiti kitupu. Nikamuuliza anarudi lini. Akasema hana haraka.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Nyumba imepoa. Nimekula mkate na kitunguu, nimewaza sana, na sasa kosa nimelijua. Mji wetu ni mzuri mno, na uzuri wenyewe wanaufaidi Rocca Spina, bure! Wezi ni wezi tu. Kesho namwona meya. Tupande miti mirefu ukingo wote wa kilima, wasione hata ncha ya mnara.

Ersilia kapiga tena. Kiti bado kipo, na basi la kwenda kule linapita kesho saa nne. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya zamani tukichumbiana. Nikamwambia sina nafasi, nina miti ya kuchagua.