Kuvuka Nile kwa Mkia wa Maksai

Jumatatu, 1 Juni 2009

Hili sijamwambia mtu, hata mama: sijawahi kuvuka Daraja la Juba. Mimi, Akuac, niliyepanda Himalaya mara tatu! Niliyevuka Sahara na wafanyabiashara wa chumvi, nikavutwa na mbwa juu ya barafu ya Greenland! Yote kitandani, ndani ya neti, na kitabu mkononi. Tulipohama kutoka Nakuru kurudi kwetu Juba tulikuja kwa ndege. Mto niliuona kutoka juu, mwembamba na mpole kama uzi. Tangu hapo nimekaa upande huu. Daraja lile ni la vyuma. Vyuma vinalia. Na katikati ya vyuma unayaona maji yakienda zake.

Leo Mwalimu Lokosang wa Jiografia ametangaza safari ya mbuga ya Nimule, Jumamosi. Tembo! Maporomoko ya Fula! Gari ni moja, na darasa letu limepewa kiti kimoja. Akasema kiti hicho ni cha Akuac, kwa sababu hakuna aliyeizunguka dunia kwa vitabu kama yeye. Nikaangalia viatu vyangu kwa furaha. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mading ndiye wa akiba. Nisipofika, anapanda yeye. Mading alikuja kutoka Khartoum kwa tishari, majuma mengi juu ya Nile, viboko wakikoroma pembeni. Ukimwuliza ilikuwaje, anasema kulikuwa na mbu. Leo aliuliza mbele ya watu wote kama kule Nakuru nilifanya safari nyingine zaidi ya kutoka maktaba kwenda msalani. Darasa likacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Barabara ya Nimule inaanzia Gumbo, ng'ambo ya daraja. Nimeangalia ramani. Hakuna njia nyingine.

Jumanne, 2 Juni

Mpango wa kwanza: nizoee daraja kabla ya Jumamosi, kwa kuvuka nimefumba macho.

Nikaenda kwenye stendi ya boda boda hapa Munuki, nikamwambia Waiswa, yule Mganda mwenye kofia ya sufu, kwamba macho yangu hayapatani na vumbi. Anipeleke Gumbo, aniambie tukifika. Akasema, "Wewe funga tu, dada. Mimi iko."

Nikafunga. Tukaenda. Sikusikia chuma hata kimoja kikilia! Pikipiki ikasimama. Nikashuka, nikapiga magoti, nikaigusa ardhi ya ng'ambo kama wavumbuzi wafanyavyo. Nikamwambia mama mmoja muuza samaki kwamba Gumbo ni pazuri sana. Akakubali kwamba Gumbo ni pazuri, ila hapa ni soko la Konyokonyo, na nimekanyaga samaki wake.

Kumbe Waiswa alikuwa amesimama kununua petroli ya chupa. Daraja lilikuwa bado mbele. Akaniuliza tuendelee? Nikamwambia macho yamepona, anirudishe nyumbani.

Jumatano, 3 Juni

Nikamweleza Josline, jirani yangu wa dawati, kwamba nina rafiki anayeogopa madaraja. Josline, ambaye mama yake anauza chapati karibu na shule, akasema huyo rafiki shida yake iko kwa kuangalia chini. Ashike mtu mwenye haogopi. Kisha akaniuliza kama huyo rafiki anatoka Nakuru. Nikabadilisha mazungumzo.

Jioni akaja Baba Mkubwa Makur. Ijumaa wanapeleka ng'ombe wa kwanza wa mahari ya kaka Nhial kwa wakwe. Wakwe wanakaa Gumbo!

Wazo likaja lenyewe. Ng'ombe haangalii maji chini yake. Ng'ombe hajawahi kusoma habari za ajali. Nikaomba niende kuwaswaga.

Tangu turudi, Baba Mkubwa hulalamika kwamba nina jina la ng'ombe mwenye madoa ya chui, lakini siwezi kumtofautisha dume na jike bila picha yenye maelezo. Leo macho yake yalijaa machozi. Akasema damu haipotelei Nakuru. Ataniombea ruhusa shuleni mwenyewe.

Nilijisikia vibaya. Kidogo tu.

Ijumaa, 5 Juni

NIMEVUKA!

Nilimchagua maksai mweupe, mtulivu, mwenye uso wa padri. Tulipofika darajani nikaushika mkia wake kwa mikono miwili, nikafunga macho. Vyuma vikaanza kulia. Nikasali. Nyuma yetu lori likapiga honi, na padri wangu akatimua mbio.

Sikuachia. Ningeachia niende wapi? Nikakimbia naye, nikipiga kelele daraja zima. Ndara moja imebaki mtoni. Tukawapita ng'ombe wote, tukampita Baba Mkubwa, tukawapita askari waliokuwa wakitupigia makofi, tukaingia Gumbo wa kwanza.

Wakwe waliokuwa wanasubiri barabarani wakauliza wimbo ule mzuri wa kumsifu maksai ni wa nani. Baba Mkubwa, akihema, akajibu kwamba ni wa binti yao aliyelelewa Kenya. Ameutunga njiani.

Tatizo: mpango wangu ulikuwa wa upande mmoja.

Nilidhani tutarudi jioni, nami nitashika shati la Baba Mkubwa. Lakini wazee wamekaa. Wakwe wanasema jike mmoja ni mzee. Sisi tunasema si mzee, ni mpole. Na kwetu upande wa bwana arusi hauondoki kabla ya kusikilizana. Ukiondoka umetukana watu. Daraja liko pale, ninalisikia. Peke yangu siendi.

Halafu akili ikafunguka. Gari la shule kesho litapita hapa hapa! Nimekwishavuka, kwa nini nirudi? Baba Mkubwa amempigia simu Mwalimu Lokosang. Amekubali: watanichukua barabarani. Hata wavumbuzi wakubwa hawakupanga vizuri hivi.

Jumamosi, 6 Juni

Nilikuwa barabarani mapema, na ndara za kuazima. Baba Mkubwa alinisindikiza. Gari likaja. Mading alikuwa kwenye kiti changu, na begi lake, endapo nisingeonekana. Akashuka polepole, uso umesawijika, akanishikia mlango. Hakunitania hata neno moja.

Mguu wangu ulikuwa tayari ndani. Ndipo Mwalimu Lokosang, kwa furaha, akaniambia nitoe daftari la michoro mapema, maana kabla ya Nimule tutasimama kwenye daraja la Mto Aswa. Tutashuka. Tutasimama katikati, wote, na kuchora mto ukitazamwa kutoka juu.

Daraja gani? Kwenye ramani yangu Aswa ni kistari cha buluu. Nilidhani ni mkunjo wa karatasi.

Nikautoa mguu. Nikasikia mdomo wangu ukimweleza Mwalimu kwamba mila haziniruhusu: aliyewaimbia ng'ombe wa mahari haondoki kabla wazee hawajamaliza. Mila hiyo haipo. Baba Mkubwa anajua haipo. Lakini aliniangalia kwa mapenzi makubwa, akamwambia Mwalimu kwamba ndivyo ilivyo.

Mading aliuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akapanda. Gari likaondoka na tembo wangu wote. Nililia kidogo nyuma ya maksai, ambaye aliendelea kula.

Baada ya hapo nilinawa uso, nikarudi uani kwa wakwe, nikakaa mkekani karibu na Baba Mkubwa. Nilisubiri wazee wanyamaze kuhusu yule jike mpole. Kisha nikamwuliza, kwa heshima, kama ng'ambo ya Mto Aswa anaufahamu ukoo wowote mzuri wenye binti, kwa sababu Dhieu, mdogo wake Nhial, bado hajaoa. Nikamwambia ng'ombe nitawapeleka mwenyewe.