Majina Hamsini ya Mwanzo

Jumapili, 28 Machi 1999

Zimebaki siku nne kufika uchaguzi. Mimi, Orest Hawryluk, nimekuwa katibu wa klabu ya curling, mchezo wa mawe barafuni, hapa Brannick miaka kumi na tisa. Wengine wakisukuma mawe barafuni na kufagia mbele yake, mimi huwa jikoni nachemsha kahawa. Sasa basi! Nagombea uenyekiti.

Mwenyekiti ni Lorne Akerlund, muuza matrekta, meno meupe, mpigapiga watu mgongoni kirafiki. Picha yake iko ukutani ukumbini pamoja na wenyeviti wote wa zamani, baba yangu akiwemo. Yangu haipo. Na ya Lorne niliipiga mimi!

Nimeandaa hati ya siri kwenye kompyuta. Wanachama themanini na watatu, kila mmoja na pa kumshikia. "Akerlund, Lorne: meno ya bandia." (Hata kwa alfabeti ananitangulia.) "Clausen, Bev: mwulizie Duke, mbwa wake aliyekufa tarehe tisa. Kila tarehe tisa huwa kimya." "Moffat, Ardith: mwahidi ufunguo wa jiko. Sifia pai yake, ingawa ganda ni soli ya kiatu." Ufunguo huohuo nimewaahidi wanawake wengine watatu. Ufunguo ni mmoja, najua. Tutavuka mto tukiufikia.

Jumatatu, 29 Machi

Barua pepe kutoka kwa Bev, mweka hazina wetu! "Hati uliyoomba hii hapa. Usimwonyeshe mtu." Sikuomba hati yoyote. Lakini usimwonyeshe mtu! Bev yuko upande wangu.

Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, eti ndani kuna maagizo yaliyofichwa na huenda ni kirusi. Mashine oga kuliko shangazi yangu. Nikabofya Ndiyo. Ndani: orodha ya unga na siagi ya karamu. Basi. Nikaisoma nusu saa nikitafuta fumbo.

Kisha nikaifungua hati yangu, nikaongeza mstari kwa mzaha: "Hawryluk, Orest: kahawa ya watu themanini, miaka kumi na tisa. Anataka picha moja tu." Nilipousoma haukuchekesha. Nikaenda kulala. Taa ya modemu, kile kisanduku cha kutumia barua pepe, ilikuwa ikiwakawaka kwa furaha.

Jumanne, 30 Machi

Bev kapiga simu asubuhi. Kompyuta yake imeingiwa na kirusi. Kila hati unayoifungua au kuibadilisha inajituma yenyewe kwa majina hamsini ya mwanzo kwenye orodha yako ya anwani. Akauliza polepole kama niliifungua ile yake. Nikamwambia mimi si mjinga.

"Sasa mbona nimesoma habari za Duke wangu?"

Akakata simu bila kuaga.

Nimehesabu majina nikiwa nimekaa sakafuni. Wa kwanza ni Akerlund. Wa hamsini kamili ni Ardith Moffat. Ole wangu!

Jumatano, 31 Machi

Nimepata ujanja! Nimewaandikia wote kwamba ile hati ilikuwa utani wa Siku ya Wajinga. Lorne kapiga simu, kacheka mpaka kakohoa. "Orest bwana, Siku ya Wajinga ni kesho. Hata ujinga unauwahi?" Ya meno hakugusia.

Mchana akaja Wally Zabos, wa mwisho kwenye orodha. Kanuna. Amesikia nimemwandika kila mtu, mbona yeye hakuletewa? Nikamsomea mstari wake kutoka kwenye karatasi: "Anampigia kura yeyote anayepigiwa na Bev."

"Hilo tu? Miaka thelathini nafagia barafu na nyie, hilo tu?"

Akaondoka kahawa ikiwa nusu. Niliowatukana wamenuna tu. Huyu niliyemsahau ameumia, na nimeona aibu kweli.

Alhamisi, 1 Aprili

Nilikwenda mkutanoni nikiwa na barua ya kujitoa mfukoni. Kabla sijaitoa, Ardith akasimama, akaniwekea pai mezani mbele ya watu wote.

"Soli hiyo. Haya, tafuna!"

Nikala vipande viwili. Ganda laini kabisa, sijui siku ile nilikula nini. Nikasema hivyo kwa sauti, mdomo umejaa. Nikamwomba radhi yeye na wenzake watatu wa ufunguo, waliokaa benchi moja kama mahakimu.

Bev akasimama naye. Alisema niliandika habari za Duke ili kuvua kura, na hilo ni baya. Ila humu ukumbini ni mimi peke yangu ninayeijua tarehe tisa. Akaketi. Nikaweka uma chini.

Kura: Lorne 58, mimi 21. Ishirini na moja! Wally hakumpigia mtu.

Nikawa nakusanya vikombe, Lorne akaja na nyundo. Alisema kwenye ile hati kuna ombi moja ambalo mkutano haujalijibu. Kumbe Bev alinipiga picha nikila, kwa ile kamera inayotoa picha papo hapo. Wakaitundika ukutani na za wenyeviti. Nimelia mbele ya klabu nzima, na wala sijali.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimekwenda kuitazama picha yangu. Mashavu yamejaa pai. Nimepima kwa rula: iko chini ya ile ya Lorne kwa sentimita nne. Njama!

Nimeanza hati mpya, ya uchaguzi wa mwaka 2000. Safari hii kwa wema zaidi. Zabos nimempa nusu ukurasa: pumu yake, matango yake ya siki, jinsi anavyofagia hadi jasho limtoke. Bev kaniletea diski ya kutibu kompyuta. Nitaitumia nikipata nafasi.

Sasa hivi imeingia barua pepe kutoka kwa Ardith! "Hati uliyoomba hii hapa. Usimwonyeshe mtu." Bila shaka ni siri ya lile ganda, maana nilimsifia hadharani. Kompyuta inauliza tena kama nina hakika. Lakini kile kirusi kilitoka kwa Bev. Huyu ni Ardith.

Nimebofya Ndiyo. Ni mapishi ya pai kweli! Nilijua tu.

Narudi kwenye hati yangu. "Akerlund, Lorne: kumbe ana moyo. Mpige hapo." Taa ya modemu inawakawaka kwa furaha.