Kipindi cha Ishirini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi zimebaki. Nimezihesabu kwenye kalenda ya ofisi, kisha kwenye ya nyumbani, kwa tahadhari. Zinalingana.

Hali yangu ni hii. Nina cheti cha ualimu. Nina pia kiti cha karani katika ofisi ya shule, nyuma ya dirisha dogo, ninapoandika barua, kugonga mihuri na kugawa chaki. Ili nitoke kwenye kiti hiki niingie darasani kwa haki, sharti nioneshe daftari la uzoefu: vipindi thelathini nilivyofundisha, kila kimoja na ukurasa wake. Tarehe, mada, dakika, kilichotokea, nilichojifunza, saini ya mwalimu mlezi. Alhamisi ya wiki ijayo mkaguzi anakuja. Darasa la Nne halina mwalimu. Atakayekamilika ndiye atakayepewa.

Nina vipindi ishirini na viwili. Mpinzani wangu, niliyehitimu naye, namwita Chaki kwa sababu hajapata kuonekana bila vumbi la chaki suruali nzima. Amemaliza thelathini. Lakini daftari lake! Kurasa zimejikunja kama masikio ya mbuzi. Mmoja una duara la kikombe cha chai. Langu nimelivika jalada la plastiki.

Shangazi, ninayeishi naye, amekwisha kupigilia msumari sebuleni wa kutundikia leseni yangu. Msumari upo. Leseni haipo. Kila nikila nautazama, nao unanitazama.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo. Nimelipata saa nne asubuhi, nikigonga muhuri. Nikagonga na kidole.

Karani hodari hasubiri kuulizwa, huandaa. Barua za mwaka mpya huziandika mwezi wa kumi na moja. Kwa nini basi kurasa za vipindi zisubiri vipindi? Mwalimu akitoka darasani huwa amechoka, huandika ovyo. Akiandika kabla, ana akili timamu na wino mzuri.

Nimeandika zote nane, ya ishirini na tatu hadi ya thelathini. Nimebadilisha kalamu mara tatu ili zionekane za siku tofauti. Nimebadilisha hata moyo. Kwenye ukurasa wa ishirini na sita nimejikosoa vikali, hadi nikajionea huruma.

Sharti moja tu limechapwa kwenye jalada: ukurasa uliofutwafutwa hautapokelewa. Sijafuta hata nukta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari litangulie au lifuate.

Chaki alipita dirishani kuomba chaki (ya kuandikia). Akauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamjibu kuwa kazi ikipangwa, hata uso hupangika. Akasema basi nimpangie na yeye boksi mbili.

Jumatano, 5 Machi

Kipindi cha ishirini na tatu. Mada: maji hukauka vipi. Mwalimu Mlezi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alikaa nyuma kabisa na kikapu chake.

Ukurasa unasema: "Wanafunzi watatu waliuliza maswali mazuri." Sikuacha jambo hilo mikononi mwa bahati. Niliteua watatu asubuhi nikawapa maswali kwenye vikaratasi. Waliuliza vizuri sana. Mmoja alisoma hadi maneno "mwisho wa swali".

Kisha msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono bila kuteuliwa. Alitaka kujua maji yakishakauka yanakwenda wapi, maana hawezi kuamini kwamba kitu kinaondoka tu bila kwenda. Nilimweleza kwa upole kwamba nafasi za maswali zilikuwa tatu na zimejaa. Nimempa jina la Swali la Nne.

Baadaye Mlezi alinivuta kando. Mwanangu, akasema, darasa si dirisha la ofisi, huwafungii watu ikifika saa sita. Nilimshukuru. Kwenye ukurasa nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba alinisifu.

Jambo moja linaniudhi. Watoto wote wananiita Karani. Nimewakumbusha kwamba darasani mimi ni Mwalimu. Wakaitikia kwa pamoja: ndiyo, Karani.

Ijumaa, 7 Machi

Kipindi cha ishirini na tano. Ukurasa unasema: "Mvua kubwa ilipiga bati, nikapaza sauti kwa ustadi, somo likaendelea." Niliandika hivyo Jumanne kwa sababu kulikuwa na wingu.

Leo jua kali. Hata wingu la kuombea hakuna.

Kufuta hakuruhusiwi. Uongo nao sitaki, mimi ni mtu mwaminifu. Ikabaki njia moja. Niliwaamuru wanafunzi arobaini na mmoja wagonge madawati kwa vidole, taratibu, kisha kwa nguvu. Ikanyesha! Nikapaza sauti kwa ustadi. Mwalimu Mkuu alikuja mbio kutoka ofisini akidhani dari limeanguka. Nikamweleza kwamba ni mvua. Akatazama nje. Akanitazama. Akasema nikimaliza mvua nimpelekee orodha ya mahudhurio.

Chaki alisimama mlangoni akipiga makofi. Ati hilo ndilo somo langu la kwanza alilolipenda, lilikuwa linahusu nini? Wivu humkalia mtu vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya fahari. Naandika kwa mpangilio.

Kwanza, vipindi viwili, cha ishirini na sita na cha ishirini na saba. Vimefuata kurasa zake bila kashfa.

Pili, saini. Mlezi husaini pole pole, ukurasa kwa ukurasa, akiuliza maswali. Muda huo sina. Lakini kila Jumatatu mimi ndiye nimpelekeaye karatasi za ofisi, na hizo husaini bila kuinua macho, kwa kuwa anasahihisha huku anakunywa chai. Nililiweka daftari langu katikati, kati ya fomu ya chaki na orodha ya mahudhurio, likiwa limefunuliwa. Nikawa nafunua, yeye anasaini. Fomu, ukurasa, ukurasa, ukurasa, orodha. Hadi wa thelathini! Akasema Mungu anibariki, nampunguzia kazi.

Tatu, saa tisa Mwalimu Mkuu aliniita. Bomba kuu limepasuka. Maji yamejaa uwanjani na mifereji ya vyoo na ya kunawia imekauka kabisa. Kesho shule ifungwe, niandike tangazo haraka.

Sikuliandika haraka, nililiandika vizuri. Kwa mkono, maana mwandiko wangu unaishinda mashine: "INATANGAZWA kwamba shule itafungwa siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi, kwa kuwa HAKUNA MAJI." Mstari chini. Muhuri ulionyooka kama askari. Nikatia saini: Karani. Kisha nikakumbuka taratibu ambazo wengine huzisahau, nikapeleka nakala ofisi ya mkaguzi. Mkuu hakuwa ameniagiza. Ndiyo maana ya uhodari.

Jumanne, 11 Machi

Nyumbani. Nimepiga pasi nguo ya Alhamisi. Shangazi amepangusa msumari.

Tangu asubuhi nina hisia kwamba kuna kitu nimesahau. Nimekagua jiko: limezimwa. Nimekagua mlango: umefungwa. Nimekagua mkoba: daftari limo. Shangazi akasema huenda ni njaa. Nimekula. Hisia ipo.

Labda ndiyo furaha. Sijaizoea.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu daftari halina nafasi yake.

Kipindi cha ishirini na tisa kilikwenda salama. Kipindi cha thelathini, cha mwisho, ukurasa unasema: "Darasa lilitulia kimya tangu mwanzo hadi mwisho, macho yote ubaoni." Nilikuwa nimeandika mada ubaoni nusu tu, Swali la Nne akasimama. Akasema bomba limeshazibwa lakini mlangoni kumebaki kidimbwi, na leo ndiyo leo, atakaa hapo hadi aone maji yanakwenda wapi. Akatoka. Wenzake arobaini wakamfuata. Nilibaki na ubao.

Nikatoka nao. Ningefanya nini? Mlezi alikuwa amekaa nyuma, akanifanyia ishara ya mkono niende. Nikachukua chaki, nikachora mstari sakafuni kuzunguka kidimbwi, ili angalau pawe na utaratibu. Jua likawaka. Baada ya dakika kumi ukingo wa maji ukaachana na mstari. Kelele! Wakagombania chaki, wakachora mwingine ndani yake, na mwingine. Mmoja akaweka kiganja juu ya saruji akasema hewa imelowa. Mwingine akasema kwa hiyo mawingu ni vidimbwi vilivyopanda. Swali la Nne akaniuliza kama hayo maji yatarudi. Nikasahau kwamba sikuwa na vikaratasi. Nikajibu. Akauliza tena. Nikajibu tena. Kengele ililia hatukuisikia.

Walipokuwa wakirudi ndani mmoja akasema: Mwalimu, kesho tuchore tena? Nikageuka kuona anamsemesha nani. Nilikuwa mimi.

Sasa nimekaa na ukurasa wa thelathini mbele yangu. "Kimya." "Macho yote ubaoni." Hakuna hata neno moja lililotokea. Kipindi kizima kimeharibika.

Najifariji kwa jambo moja. Umesainiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mkaguzi ni mzee mfupi mwenye sauti ya upole. Tulikaa ofisi ya Mkuu: yeye, Mkuu, Mlezi, Chaki na mimi. 

Alianza na daftari la Chaki. Akaliinua kwa vidole viwili. Akauliza duara lile ni la nini. Chaki akasema ni la chai, siku hiyo alifundisha vibaya akakaa chini kufikiri. Mkaguzi akasoma, akacheka mahali fulani, akapitisha. Akapitisha! Na lile duara!

Kisha langu. Akasema hajaona mwandiko mzuri hivi tangu aanze kazi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akafunua pole pole. Akafika ukurasa wa ishirini na nane, akausoma kwa sauti: Jumanne, tarehe 11 Machi. Mada, maji na matumizi yake. Dakika arobaini. "Wanafunzi wote arobaini na mmoja walinawa mikono bombani kwa zamu. Maji yalitiririka vizuri sana."

Akasema kwamba mwandiko huo amewahi kuuona. Akafungua mkoba wake akatoa karatasi. Akaiweka kando ya daftari, ukingo kwa ukingo. HAKUNA MAJI. Mstari chini. Muhuri ulionyooka.

Akauliza tangazo aliandika nani. Nikasema mimi. Na ukurasa? Nikasema mimi. Akauliza, kwa ile sauti ya upole, basi kati yetu wawili amwamini nani, Karani au Mwalimu?

Hapo ndipo nilipojua nilichosahau Jumanne.

Nikaeleza yote. Kurasa, kalamu tatu, mvua, hata fomu ya chaki. Mlezi alivua miwani. Akaifuta taratibu. Afadhali angenifokea. Nikamwomba radhi. Akasema, mwanangu, mimi husaini bila kusoma kwa sababu karatasi inatoka kwako.

Kisha Chaki, ambaye hakuna aliyemwita, akafungua kinywa. Nikajua amenimaliza. Akasema jana aliona dirishani jambo ambalo yeye hajaliweza kwa vipindi thelathini, watoto arobaini na mmoja wanaliangalia dimbwi kama sinema, na Karani kapiga magoti katikati yao. Mlezi akavaa miwani akasema ni kweli, naye hakutaka kengele ilie. Mkaguzi akafunua ukurasa wa thelathini kutafuta hilo dimbwi. Akakuta kimya.

Akalifunga daftari. Halafu akasema kwamba kitu pekee chenye thamani katika daftari hili ni kile ambacho hakimo.

Uamuzi: kurasa nane zote zimekataliwa. Darasa la Nne amepewa Chaki. Lakini Darasa la Tatu linagawanywa mwezi ujao, na nikifundisha vipindi vinane upya kuanzia Jumatatu, atakuja kuvipitia tarehe 28, naye mwenyewe ataketi kwenye cha mwisho. Sharti moja: kufundisha kwanza, kuandika baadaye. Akanirudishia tangazo. Akasema hilo halina kosa.

Shangazi nimemwambia msumari usubiri. Akasema msumari hauna haraka, ni mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefaulu!

Kipindi cha mwisho kimekwenda vizuri kupita maelezo. Mkaguzi aliketi nyuma, karibu na Mlezi, ambaye amekwisha kunisamehe kabisa. Swali la Nne aliuliza swali, nami nikalijibu bila karatasi, kwa utulivu uliowashangaza wengi. Watoto wote wakaniita Mwalimu. Kengele ilipolia mkaguzi alisimama, akapiga makofi, akasema kwamba mimi nimebadilika. Shangazi alilia. Leseni iko msumarini, imenyooka.

(Naandika haya leo, Alhamisi tarehe 13, baada ya chai, ili siku yenyewe nisikimbizane na kalamu. Shajara si daftari, mkaguzi hakuitaja. Nimetazama kwanza kalenda, si sikukuu. Nimepita kwa fundi bomba pia, amesema lile bomba ni zima. Kwa hiyo hakuna kitakachoharibika. Kilichobaki ni kumfanya mzee yule asimame na kupiga makofi. Nadhani nitaanza na kiti chake.)