Filamu za Kulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimesimama kaunta! Shangazi amenipa wiki moja katika duka lake la kukodisha filamu. Nikiwamudu wateja, kaunta ni yangu. Nikishindwa, anampa binti yake, binamu yangu Kasuku, nami narudi chumba cha nyuma kufuta diski kwa kitambaa. Kasuku huongea hata akipiga mswaki. Mimi nikisalimiwa na mgeni, shingo inazama kama ya kobe.

Lakini nina mpango. Sitaongea, nitasoma. Mtu ni filamu azipendazo. Akutajie moja tu, umemjua hadi utumbo. Apendaye vichekesho hana moyo, maana dunia hii ina nini cha kuchekwa? Apendaye za vita ana mkono wa birika. Apendaye za majonzi, kama mimi, ni mtu wa kina.

Shangazi anapenda za vita. Sisemi zaidi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ameingia daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Mikono kama sepetu, simu sikioni. Nilikwisha kumwandika moyoni kuwa ni mtu wa vita. Akasema, "Nipe za kulia, binti. Kama kawaida."

Za kulia! Jibaba lile! Nusura nimkumbatie. Nikamfungia tano kutoka rafu iliyo nyuma yangu, ya majonzi: yatima, mjane, yatima anayemwoa mjane, na mbili za punda aliyeachwa. Nikatia na leso yangu mfukoni mwa diski. Safi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa. Kumbe daktari hazitazami yeye. Huziweka kwenye runinga ya chumba cha kusubiri ili wagonjwa wasahau sindano. Waliochelewa jana wakakuta watu wazima wamekumbatiana, wanabubujikwa machozi, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kuitwa ndani. Wakageukia mlangoni. Mmoja alisema jino limepona ghafla.

Daktari amerudi na mfuko. Kwa upole wa kutisha akaeleza kwamba alitaka rafu ya upande wa kulia. Kasuku alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Akaniambia, "Dada, mwenzako kataka upande, wewe umempa msiba."

Nikaomba radhi kwa kuzamisha shingo. Nikageukia rafu ya kulia, nikamfungia tano upesi bila kusoma majalada. Amekwenda. Tumepona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hatujapona. Kulia kwangu ni kushoto kwake. Tulikuwa tumekabiliana! Nani huwaza mambo hayo? Kulia kwake ni vichekesho. Kulia kwangu ni mazimwi.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya zimwi lenye koleo. Linang'oa meno. Bila ganzi. Wagonjwa wawili walitoroka kupitia dirishani. Aliyebaki ni bibi mmoja kibogoyo aliyemsindikiza mjukuu. Mjukuu alikwisha kukimbia, lakini bibi alitaka kujua inaishaje.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka. Alinikalisha juu ya kreti, akasema amempelekea daktari vichekesho kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba akiondoka mteja yule, duka litayumba. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe husomi watu. Unawavalisha nguo zako, halafu unashangaa zinawabana."

Akaniuliza ni lini nimemwuliza mteja swali hata moja. Sikukumbuka. Nikalia. Nilimhurumia sana, mtu wa filamu za vita ataelewaje mambo ya ndani? Kesho ni nafasi yangu ya mwisho. Nikikosea tena, kitambaa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimejifunza! Kulia ni upande, na upande ni wa mteja.

Akaingia mwenye mkahawa wa jirani. Akataka filamu ya kulia. Sikubabaika. Sikuuliza, mwenye hakika haulizi. Nikazunguka kaunta, nikasimama naye bega kwa bega, nikanyoosha mkono kulia kwetu sote wawili. Vichekesho! Nikampa kimoja cha kuvunja mbavu. Shangazi alitabasamu. Kasuku alirudi kwenye ufagio wake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Niko chumba cha nyuma. Kitambaa kiko mkononi.

Mwenye mkahawa alitaka filamu ya kulia chakula. Ya taratibu, watu watafune kwa amani. Wamecheka midomo imejaa. Watatu wamepaliwa, supu imetoka puani, na mmoja ameng'ata kijiko hadi jino likavunjika. Angalau daktari amepata mgonjwa. Kasuku yuko kaunta, namsikia, anamwuliza mteja maswali kama polisi.

Sina kinyongo. Nilisema tangu mwanzo kwamba vichekesho havina moyo. Isitoshe, nimegundua kuwa filamu hazimwonyeshi mtu vizuri. Alama za vidole ndizo zinazomwonyesha! Hii diski hapa, kwa mfano. Sijui ni ya nani, lakini alama zote ziko upande wa kulia.

Maskini. Amelia sana huyu.